Kutoka M109R Hadi Gold Wing: Jinsi ya Kubadilisha Pikipiki ya Nguvu kwa Pikipiki ya Safari

Lampasas, mji mdogo wa Texas, ndipo mama watoto aliposhuka kwenye Suzuki yangu akasema hapandi tena. Hakusema kwa hasira. Alivua helmeti, akajinyoosha taratibu huku ameshika kiuno, akaniambia, "Baba, safari zako nazipenda, ila kiti chako sikiwezi." Tulikuwa tumetoka Arlington alfajiri, tukapita Granbury, Stephenville, Hico na Hamilton, maili kama 150, na nusu ya njia bado hatujaifikia. Tulikuwa tunakwenda Leakey, kwenye zile barabara tatu za vilimani, 335, 336 na 337, ambazo waendesha pikipiki wa Texas wanaziita Twisted Sisters. Ilikuwa mwezi wa nne, maua ya bluebonnet yamefunika kando za barabara, na sisi tumekaa kituo cha mafuta tunasugua viungo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Suzuki Boulevard M109R ya 2009. Kwa asiyeijua: ina silinda mbili tu, lakini cc 1783. Kila pistoni ina kipenyo cha milimita 112, yaani kama mdomo wa sufuria ndogo ya chai. Tairi la nyuma ni la upana wa milimita 240. Ukifungua mafuta kwenye barabara iliyonyooka, mikono inavutwa na tumbo linabaki nyuma. Niliipenda miaka saba, na hata leo nikiisikia inapita nageuka kuitazama.

Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mwenzangu aliyefika pale nilipofika: mwili umechoka, abiria amegoma, na moyo haujataka kuiachia pikipiki ya nguvu. Nimeshabadilisha, nimeshakosea, na nimejifunza jambo moja kubwa kuliko mengine. Pikipiki ya safari hupimwa kwa saa ya nne barabarani. Dakika tano za kwanza kila pikipiki ni tamu, na dukani hupewi zaidi ya hizo dakika tano. Kazi yako yote ni kutafuta namna ya kuijua saa ya nne kabla hujatoa hela.

Anza na daftari

Kabla hujaenda kuangalia pikipiki yoyote, nunua daftari dogo uliweke kwenye mfuko wa koti. Kila unaposimama kujaza mafuta andika mambo matatu: maili ulizotembea, kinachouma, na alichosema abiria. Usiandike jioni ukishaoga na kula, kwa sababu jioni kila maumivu ni madogo. Andika pale pale kwenye pampu.

Langu lilisomeka hivi. Stephenville, vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Hamilton, mfupa wa makalio. Lampasas, shingo na mabega. Mama watoto kiuno na magoti.

Kila mstari una sababu yake, na ukiijua sababu utajua kama unahitaji pikipiki nyingine au kifaa tu. Kwenye kruza, yaani pikipiki za aina ya hii M109R, miguu imenyooshwa mbele, kwa hiyo uzito wote wa mwili unakaa juu ya mfupa wa makalio. Ukiingia shimo huwezi kujiinua kwa miguu kidogo ili kulipunguza lile pigo, linakupanda moja kwa moja hadi mgongoni. Mikono nayo imenyooshwa, na kifua kipo wazi. Mimi ni mtu wa Tanga, tanga la jahazi nalijua: ukienda maili 70 kwa saa bila kioo, kifua chako ndicho tanga, na kamba zinazolishikilia ni mikono yako miwili. Ndiyo maana vidole vinakufa ganzi.

Sasa, kama daftari linalalamikia upepo peke yake, nunua kioo kikubwa cha mbele ubaki na pikipiki yako. Kama linalalamikia kiti peke yake, wapo mafundi wa viti wanaokukalisha, wanakupima, wanakushonea upya. Mimi nilijaribu vyote viwili, na vilisaidia. Kisichobadilika ni miguu kukaa mbele, na nafasi ya abiria, ambayo kwenye M109R ni kipande kidogo cha kiti juu ya lile tairi pana. Hapo hakuna fundi wa kukuokoa.

Usisahau tangi. Langu lilikuwa galoni 5.2, na taa ya mafuta iliwaka kabla ya maili 150. Kwa safari za magharibi ya Texas, ambako mji na mji vinaachana mbali, unaendesha huku unahesabu.

Kuchagua, na kupima saa ya nne

Nilidhani nikiondoka kwenye cc 1783 naingia uzeeni. Kumbe Honda Gold Wing ya kuanzia 2001 ina cc 1832, yaani injini ni kubwa kuliko ile niliyoiacha. Tofauti ni namna nguvu inavyogawanywa: silinda sita zimelala, tatu kila upande, karibu na ardhi. Gold Wing ya kwanza, GL1000, ilitoka kama modeli ya 1975 ikiwa na silinda nne, na silinda sita zikaja na GL1500 ya 1988. Kulala kwa injini ndiyo siri ya uzito wake. M109R ina kilo 347 na Gold Wing ya kizazi changu ina zaidi ya 400, lakini ukishaanza kutembea, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, hizo kilo za ziada huzisikii kwa sababu zipo chini. Na jambo lililonifurahisha nilipokuwa nachuchumaa dukani kusoma maandishi: tairi la mbele ni saizi ile ile, 130/70R18. Ni kama kukutana na ndugu ugenini.

Sikuangalia hiyo peke yake. Harley Road Glide na Electra Glide ni nzuri, na mafundi wake wapo kila mji. Kumbuka tu kwamba kwenye Road Glide lile gamba la mbele la kukinga upepo limefungwa kwenye fremu, na kwenye Electra Glide linageuka pamoja na usukani, kwa hiyo upepo wa pembeni unausikia mikononi. BMW K 1600 GTL ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari na ina mbio hata kuliko nilichokuwa nacho, lakini karibu na kwangu sikupata fundi wake niliyemwamini. Yamaha FJR1300 ningeichukua kama ningekuwa naendesha peke yangu. Ukiwa na abiria wa kudumu, kiti chake cha nyuma hakifiki kwenye kile cha Gold Wing, chenye egemeo la mgongo na pahala pa mikono kama kochi.

Kwenye Gold Wing zenyewe kuna uamuzi wa mwaka. Mwaka 2018 Honda waliibuni upya: ikawa nyepesi, mbele ikapata mfumo mpya wa mikono miwili mahali pa foki za kawaida, na ukitaka unapata gia saba zinazojibadilisha zenyewe. Lakini tangi lilishuka kutoka lita 25 hadi 21, na masanduku yakapungua kutoka lita 150 hivi hadi 110. Kama unasafiri peke yako, au na mtu asiyebeba vitu, hiyo mpya ni tamu sana. Sisi tunabeba khanga, chai ya tangawizi kwenye chupa, dawa ya presha, na viatu vya mama watoto vya kubadilisha. Tulichukua ya kabla ya 2018, na sijajuta.

Namna ya kuipima saa ya nne ni kukodi. Hili watu wanalikwepa kwa sababu ya gharama. Mimi nililipa karibu dola 200 kwa siku moja, na naziona ndizo dola zilizotumika vizuri kuliko zote katika shughuli hii. Usiende kuzunguka mjini. Pita njia yako ile ile, na daftari lile lile, simama kwenye vituo vile vile. Ukirudi, weka kurasa mbili kando kwa kando uzisome.

Kama kukodi hakuwezekani, basi dukani omba ukae juu ya pikipiki dakika thelathini. Vaa buti zako, vaa koti, vaa helmeti. Dakika ya kumi utaanza kuona aibu, kaa tu. Na abiria apande kwanza peke yake, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, bila wewe kumwambia chochote. Mama watoto alipanda, akaegemea, akatafuta pa kuweka miguu, akanyamaza kama dakika mbili. Halafu akaniuliza bei.

Kuuza ya zamani: hesabu mbili, usiziache zichanganyike

Hapa ndipo nilipotaka kukosea. Duka moja, sitalitaja, lilinipa dola 3,200 kwa M109R yangu kama sehemu ya malipo ya Gold Wing ya dola 10,900. Muuzaji hakutaka tuzungumzie bei hizo kila moja peke yake; kila nikiuliza ya Suzuki ananijibu kwa malipo ya kila mwezi. Mtu akikujibu hivyo, funga daftari uondoke. Kuna biashara mbili hapo: unanunua, na unauza. Pata kwanza bei ya kununua, ya mwisho kabisa, yenye ada zote na karatasi zote ndani. Hiyo ikishaandikwa, ndipo utaje kwamba una pikipiki ya kuingiza.

Kuwa wa haki, kuingiza dukani kuna faida ya kodi. Texas kodi ya mauzo ya chombo cha moto ni asilimia 6.25, na dukani inatozwa kwenye tofauti tu baada ya kutoa thamani ya ulichoingiza. Kwa hiyo ile 3,200 ilikuwa inanipunguzia kodi ya dola 200. Thamani yake ya kweli ilikuwa 3,400. Piga hesabu hiyo kwa jimbo lako, kisha ujiulize: nikiuza mwenyewe napata zaidi ya hapo, na je, hiyo tofauti inalipa wiki zangu za kupokea simu? Mimi niliuza kwa 5,400. Dola 2,000 kwa wiki tano, kwangu ililipa.

Ili kujua bei ya kuombea, angalia Kelley Blue Book na J.D. Power, wanaokadiria bei za vyombo vilivyotumika, halafu angalia matangazo ya watu wa karibu nawe, na uyaamini matangazo zaidi kidogo. Uza majira ya machipuko yanapoanza, watu wanapotoa pikipiki gereji. Mwezi wa kumi na mbili utauza kwa huruma.

Maandalizi yake ni haya. Rudisha ekzosi ya kiwandani kama unayo. Mimi nilikuwa nimefunga ekzosi za kelele, nikazivua nikaziuza peke yake, pamoja na kioo na kile kiti cha kushonewa. Mnunuzi wa kruza anataka kuibadilisha kwa mapenzi yake mwenyewe. Mapambo yako hayamwongezei hata dola. Badilisha oili. Osha hadi chini ya injini. Panga risiti zote kwa tarehe kwenye faili. Piga picha asubuhi, jua likiwa chini, na upige picha ya kila mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo alioukuta mtu mwenyewe baada ya kuendesha saa mbili unamfanya ashuku na injini.

Mteja akija, injini aikute ya baridi. Anayeuza pikipiki iliyokwisha pashwa moto ana la kuficha. Wa kujaribu kuendesha aweke fedha taslimu mkononi mwako kwanza na akuonyeshe leseni ya pikipiki. Mkutane kwenye benki. Kama unadaiwa, lipa deni mbele yake hapo hapo, ili hati itoke safi. Halafu muende pamoja ofisi ya kodi ya kaunti muandikishe kwa jina lake, na wewe utume taarifa ya kuhamisha umiliki kwa idara ya magari ya Texas ndani ya siku 30. Usiache hati imesainiwa, jina la mnunuzi liko wazi; akigonga mtu kesho yake, barua zinakuja kwako.

Aliyeinunua yangu ni kijana mwanajeshi kutoka Killeen. Alipoiwasha alitabasamu vile nilivyotabasamu mimi mara ya kwanza. Nilimpa na funguo ya akiba, nikamwambia lile tairi la nyuma lisikutanishwe na mvua kwa haraka. Alinijibu, "Nimekusikia, sir," akaondoka, nami nikasimama barabarani hadi sauti ikapotea. Jiandae na hilo. Linauma kweli, na kuuma kwake si ushahidi kwamba umekosea.

Kukagua Gold Wing iliyotumika

Yangu niliipata kwa mzee mmoja wa San Antonio, ya 2010, maili 48,000. Maili zisikutishe. Injini hii ikihudumiwa inakwenda mbali sana. Mimi naogopa zaidi ile ya maili 9,000 iliyolala gereji miaka kumi, matairi yamekauka na maji ya rejeta hayajabadilishwa tangu inunuliwe.

Anza na namba ya chesesi, ile ya herufi na tarakimu 17. Iingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, uone kama kuna urekebishaji wa kiwanda ambao haujafanywa. Kwa Gold Wing za 2001 hadi 2010 na za 2012 kulikuwa na wito wa kiwanda wa kuzirudisha zirekebishwe, kwa sababu ya breki ya nyuma kubaki imekamata. Tazama na hati kama imewahi kuandikwa kuwa chombo kilichofutwa na bima.

Halafu ipandishe stendi ya kati. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono: lizunguke bila kusita. Ukirudi kutoka kuijaribu, sogeza kiganja karibu na diski ya nyuma bila kuigusa. Kama inatoa joto kali na wewe hukufunga breki sana, breki inakamata. Mwombe mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha geuza usukani polepole toka kushoto hadi kulia. Ukisikia unajishika katikati, kama kuna kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Barabarani hiyo hujionyesha usukani ukitetema unapopunguza mwendo kupita maili 40. Shika kwa vidole vyepesi uisikie, usiachie mikono.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho za ile namba ya ubavuni inayoanza na herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee, hata lenye meno mapya, lihesabu kama gharama yako.

Bonyeza kila kitufe. Kile cha kukaza springi ya nyuma, sikiliza kama mota inaguna. Rivasi, ambayo inatumia mota ya starta: gia iwe huru, bonyeza swichi, kisha kitufe cha kuwashia. Rivasi ikiwa imekufa utalia siku utakapoegesha pua ikitazama mteremko. Fungua kiti uangalie nyaya. Wenye Gold Wing wanapenda kuongeza taa, na nyaya zilizofungwa kwa utepe mweusi kila mahali ni safari zako za baadaye zinazokatika.

Uliza risiti mbili: ya valvu, ambazo hukaguliwa kila maili 32,000, na ya chujio la hewa. Chujio lenyewe ni rahisi, ila kulifikia ni kuvua plastiki nyingi za juu, ndiyo maana wengi hawalibadilishi. Mzee wangu alikuwa nazo zote mbili kwenye bahasha. Sikubishana naye sana. Tulikubaliana dola 9,800.

Mwezi wa kwanza

Usimpakie mtu wiki mbili za mwanzo. Nenda uwanja wa maegesho wa kanisa au shule Jumamosi asubuhi, ugeuke nane, ufunge breki, ugeuke tena. Breki za kizazi hiki zimeunganishwa: ukivuta ya mkono, na ya nyuma inashika kidogo, ukikanyaga, na ya mbele inashika. Mguu wako uliozoea kuburuta breki ya nyuma peke yake kwenye kona ndogo utashangaa. Miguu sasa iko chini yako, na siku tatu nzima mimi nilikuwa nakanyaga hewa mbele nikitafuta vikanyagio vya Suzuki.

Inapokulemea ikiwa imesimama, usishindane nayo. Ikifika mahali fulani pa kuinama, iachie ilale. Ina vyuma vya kuilinda pembeni. Mgongo wako hauna.

Springi ya nyuma ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza niliiweka ya peke yangu, ya pili ya sisi wawili na mizigo. Watu wengi wanaendesha miaka bila kuigusa, kisha wanasema inayumba.

Tulipofika Lampasas tena, mwaka uliofuata, nilipunguza mwendo kuingia kituo kile kile. Mama watoto akanigonga begani mara mbili, ishara yetu ya endelea. Tukapita Burnet, tukasimama Llano, saa ya nne ikiwa imekwisha. Nilitoa daftari. Mimi: goti la kushoto, kidogo. Yeye: makelele ya upepo kwenye helmeti tangu Hico. Kioo cha mbele kinateleza kwenye reli zake kwa mkono, nikakipandisha nafasi mbili, bado kikiwa chini ya mstari wa macho yangu ili mvua ikija niweze kuona juu yake. Kufika Fredericksburg makelele yalikuwa yamekwisha. Goti bado nalifuatilia. Nadhani ni kikanyagio kiko karibu mno, na nimeshaagiza kingine.